Friji ya Mke Wangu na Kadi Iliyolala

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au liliishia kufungia misumari dukani, usijali. Habari zangu ni fupi na zote ni mbaya.

Nimefukuzwa kazi. Nimehamia kwa mama mkwe, chumba cha uani, mimi na mke wangu na kompyuta yangu. Kisha mke wangu alipokwenda kumuuguza shangazi yake, nikachukua friji yake, ile anayouzia barafu na juisi, nikaipeleka kwa fundi kompyuta. Yeye akabaki na friji, mimi nikaondoka na kadi ya picha.

Mke wangu aliporudi akakuta ukuta mtupu na alama nne za miguu ya friji sakafuni. Nikamwambia imeisha gesi, iko kwa fundi. Tangu siku hiyo haniiti tena "mume wangu". Ananiita "wewe".

Hapo ndipo tulipoachana mimi nanyi wasomaji wiki iliyopita. Wengi wenu mmeniandikia kunitukana, nimewasoma wote. Msichoke, maana wiki hii mtapata sababu nyingine.

Kuna msomaji ameuliza kadi ya picha ni kitu gani hata mtu mzima atoe friji ya mkewe. Ni swali la haki. Ngoja nijibu.

Kazi yangu ni kutengeneza nyumba ambazo hazijajengwa. Msanifu akishachora ramani, mimi naigeuza kuwa nyumba ndani ya kompyuta. Mteja anakaa kwenye kiti, anatazama skrini, anaingia mlangoni, anapita ukumbini, anapanda ngazi, na wakati huo hata msingi haujachimbwa.

Sasa nyumba ikitembelewa hivyo, lazima kuna kitu humo ndani kinachochora kila hatua. Kompyuta yangu ilikuwa inatumia kile kinachokuja humo humo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kwa kuandika barua na kutazama filamu kinatosha kabisa. Ila hakina memori yake mwenyewe. Kinakula sufuria moja na prosesa, na prosesa ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo ndiye anayepakua kwanza.

Kadi ya picha ni mtu na maisha yake. Inakuja na memori yake, feni zake, na inataka hadi waya wake wa umeme.

Siku nilipomweleza mama mkwe haya alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiki cha ndani," akasema, "kinakaa kwa watu na kinakula kwa watu."

"Ndiyo, mama."

"Na hii nyingine ina kwake."

"Ndiyo, mama."

"Basi jitahidi uipate, mkwe wangu." Akapuliza makapi, akaendelea na mchele wake.

Sikujua niweke wapi macho yangu.

Kadi nikaipata, mnajua kwa njia gani. Fundi mwenyewe anaitwa Bisibisi, kwa sababu haijulikani kama bisibisi iliyoko nyuma ya sikio lake imewahi kutoka pale. Alinipa kadi nene kama tofali, feni mbili, na taa nyekundu ubavuni. Nilipolalamika kwamba friji ni kitu kikubwa na kadi ni kitu kidogo, akafungua droo, akatoa kijiti cha memori, akakitupa juu ya kadi.

"Haya, nyongeza hiyo. Usije ukasema Bisibisi ana roho mbaya."

Nikakichukua hivyo hivyo, kama mtu anavyochukua nyongeza ya kitunguu sokoni. Nyumbani nikafungua kasha la kompyuta, nikachomeka kadi, nikachomeka na kijiti kando ya mwenzake, nikarudisha nyaya zote, nikawasha.

Taa nyekundu ikawaka. Feni zikavuma. Na zahanati niliyokuwa naichora, ambayo siku zote mtu akitembea ndani yake alikuwa anaruka kama panzi, ikatembelewa laini, mlango hadi dirisha.

Niliibusu kadi. Mama mkwe akaniona dirishani, akapita zake bila kuuliza.

Haya, sasa twende wiki hii.

Zahanati hiyo ni ya daktari wa meno, mama mmoja mwenye sauti ya chini na haraka nyingi. Mchoraji wa ramani yake ni msanifu anayejulikana mjini kwa jina la Rula, kwa sababu hata kwenye msiba huwa na rula mfukoni. Rula alikuwa ameniambia: nionyeshe zahanati inatembea bila kukwama mbele ya mteja, kazi ya kudumu ni yako. Ikikwama, tusijuane.

Kazi hiyo ndiyo ingetutoa chumba cha uani. Sikuwa na nyingine mfukoni.

Nikaibeba kompyuta yangu mpaka ofisini kwake nimeikumbatia kifuani kama mgonjwa. Nikaunganisha skrini yao kubwa, nikawasha, nikasema bismillah kimoyomoyo.

Tukaingia. Mapokezi. Ukumbi. Chumba cha kung'olea meno, na kiti chake katikati. Daktari wa meno akawa anainamisha kichwa kila tulipopita chini ya taa. Tulipofika kwenye nguzo, akakunja bega ili asiigonge.

"Nguzo hii iondoke," akasema. "Karibu iniumize."

Rula akacheka mpaka rula ikamdondoka. Akamsindikiza mteja kwenye kiti chake, akanirudia.

"Wewe umefanyaje? Waliokutangulia watatu, nyumba zao zilikuwa zinakwama mlangoni. Mmoja alikwama chooni, tukakaa chooni na mteja robo saa."

Nikavimba. Nakiri. Nilivimba kama mkate.

"Bosi, siri ni kadi." Nikaupigapiga ubavu wa kompyuta, taa nyekundu inawaka. "Hawa wengine wanategemea kile cha ndani ya prosesa. Kile ni cha kuandikia barua. Kazi ya wanaume inataka kadi."

"Umeipataje, na hali yako ninavyoisikia?"

Ningejibu "Mungu alisaidia" mambo yakaisha. Lakini mimi nikishasifiwa ulimi haunitii.

"Nimetoa friji ya nyumbani, bosi."

"Friji?"

"Friji."

"Na mama watoto alikubali?"

"Kukubali? Yeye ndiye aliyenisukuma! Aliniambia, mume wangu, barafu itasubiri, wewe kachukue kadi."

Hata watoto wenyewe sina. Lakini Rula alikuwa ametoa leso, anajifuta jicho moja, nami sikuona busara ya kumkatiza.

"Sikiliza," akasema. "Jumatatu unaanza. Na kadi kama hiyo nitaiagizia ofisi nzima, kila mchoraji apate yake. Na huyo mkeo, lazima siku moja nimpe mkono wa hongera."

"Karibu sana, bosi," nikasema. Watu hufa kwa maneno mepesi kama hayo.

Rula na watu wake wa ofisi wakatoka wote kumsindikiza daktari wa meno. Nikabaki peke yangu kukunja nyaya, huku napiga mluzi.

Nikashika waya wa skrini, nikauvuta. Ukatoka. Nikautazama ulikotoka.

Mluzi ukakatika.

Nyuma ya kasha la kompyuta yenye kadi kuna sehemu mbili za kuchomekea skrini. Matundu ya juu ni ya bodi kuu, ndiyo yanayotoa picha za kile cha ndani ya prosesa. Matundu ya chini ni ya kadi yenyewe. Ukitaka kadi ikuchoree, skrini uiunganishe chini. Kila mtu wa kazi hii analijua hilo. Hata mimi ninalijua, nimeshawafundisha watu.

Waya wangu ulikuwa juu. Miaka yote ulikuwa juu, na mkono wangu siku ile ukaurudisha pale pale ulipozoea. Na leo ofisini ukaurudisha tena.

Nikainama. Matundu ya kadi bado yalikuwa na vile vifuniko vyake vya plastiki, vyote, hakuna hata kimoja kilichowahi kutolewa. Kadi ilikuwa haijachora hata kitasa cha mlango. Kazi yake tangu iingie kwangu ilikuwa kuwasha taa na kuzungusha feni, basi, kama mjomba anayekuja harusini kusimama kwenye picha.

Nikakaa chini, pale pale kwenye zulia la Rula.

Sasa kama kadi ililala, nani aliyetembeza zahanati?

Jibu lilikuja polepole na lilikuja na aibu. Kilikuwa ni kile kile cha ndani, nilichokitukana mbele ya bosi dakika chache tu zilizopita. Na kilichokiamsha ni kijiti cha nyongeza. Kwanza kilikuwa kinagombania sufuria ndogo na prosesa. Nilipoongeza kijiti cha pili sufuria ikawa kubwa, na upakuaji ukawa wa mikono miwili. Kila mtu akashiba, kazi ikaenda.

Nilikuwa nimetoa friji nzima ya mke wangu kwa kitu nilichorushiwa bure.

Nilitaka kulia. Halafu nikaacha, kwa sababu wazo lilinijia, na lilikuwa zuri mno. Kadi siihitaji! Nairudisha kwa Bisibisi, nachukua friji, mke wangu anapata chombo chake, kazi ninayo, na hakuna binadamu atakayejua. Nilijiona nina akili kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikaichomoa kadi hapo hapo, nikaifunga kwenye koti, nikatoka mbio na kompyuta kifuani.

Bisibisi nilimkuta amekaa mlangoni kwake anakunywa soda. Soda ilikuwa inatoka moshi kwa baridi. Friji ya mke wangu ilikuwa nyuma yake, juu yake ameweka redio na picha ya timu yake.

"Karibu mteja," akasema. "Kadi imekufa?"

"Haijafa."

"Inaumwa?"

"Ni nzima kuliko mimi na wewe. Nairudisha tu. Mke wangu anataka friji yake."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli nililosema siku ile.

Bisibisi akapiga funda la soda, akafikiri. "Ngoja nikuambie ukweli. Friji yenyewe inanimalizia umeme. Na tangu ije, jirani zangu wote wamegeuka wenye kiu. Lete kadi, chukua friji, tusameheane."

Ningeweza kumkumbatia. Nikatoa kadi, akaigeuza, akaipuliza, akaona vifuniko vya plastiki. Akanitazama.

"Hii kadi umeitumia kweli?"

"Nimeitumia kwa adabu."

Hakucheka. Akaiweka rafu ya juu. "Sawa. Na kile kijiti?"

"Kijiti kipi?"

"Nyongeza."

"Aaa, kile!" Nikapunga mkono kama ninayefukuza nzi. "Kile kitu kidogo, hata sikumbuki nilikiweka wapi. Achana nacho bwana."

"Mzigo ukirudi, nyongeza inarudi nao. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Kijiti kizee kile, Bisibisi. Hakina maana."

"Kama hakina maana kirudishe."

"Sitaki kukusumbua kufungua kasha."

"Sisumbuki. Ndiyo kazi yangu." Mkono wake ukaenda nyuma ya sikio. Kwa mara ya kwanza nikaiona ile bisibisi ikitoka.

Nikajikuta nimeikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili na kurudi nyuma hatua. Hapo ndipo nilipojifichua. Bisibisi akatabasamu taratibu, tabasamu la mtu anayeona samaki amemeza ndoano.

"Unakitaka," akasema.

"Nimekizoea tu."

"Umerudisha kadi, unakumbatia kijiti. Sijui umegundua nini, lakini umegundua kitu. Haya, kibaki. Utaniachia nini?"

Nikapapasa mifuko. Leso na funguo. Bisibisi hakuwa anatazama mifuko. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto.

Sijawaambieni habari za ile saa. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Siku ya ndoa yangu mama mkwe alinivalisha yeye mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, akasema mwanangu wa kumzaa hakupata, umepata wewe. Hata leo shemeji zangu wakiniamkia huiamkia saa kwanza.

"Hiyo hapana," nikasema.

"Basi kijiti."

Kijiti ndicho kazi. Kazi ndiyo kutoka chumba cha uani. Nilipiga moyo konde, nikafumba macho, nikaivua. Nikamwambia asiivae, asiiuze, nitaikomboa nikianza kazi Jumatatu. Akaniahidi, kisha akaivaa.

Friji ikapanda mkokoteni, mimi nyuma naisukuma na kuomba mvua isinyeshe.

Mke wangu alikuwa anafagia uwanja. Alipoiona, ufagio ukaanguka. Akaikumbatia friji kwanza, halafu akanikumbatia mimi.

"Mume wangu!"

Wasomaji, neno hilo lilinishuka mpaka magotini. Kumbe nililikosa kiasi kile. Nilisimama pale na jasho langu, nikajiapiza kwamba sitamdanganya tena mwanamke huyu, nikishamaliza uongo huu uliopo.

Akaichomeka. Ikanguruma. Akaijaza maji na juisi, akaifuta, akaisemesha. Mama mkwe akatoka jikoni, akasimama kuitazama.

"Imepona haraka," akasema.

"Fundi hodari, mama."

"Gesi tu?"

"Gesi tu, mama."

"Hm. Mkwe wangu, saa ngapi hivi sasa? Nina dawa ya kunywa saa kumi."

Nikaingiza mkono wa kushoto ndani ya koti. Nikatazama jua. "Bado kidogo, mama."

"Umetazama wapi?"

"Nimekisia."

"Na saa?"

"Nimeiacha chumbani. Isiingie vumbi la mkokoteni."

"Umefanya vizuri," akasema. Alisema kwa upole, na upole wa mama mkwe mimi huniogopesha kuliko matusi.

Jioni ile nilikula vizuri. Nilizungumza mezani. Nilimwambia mke wangu kuhusu Jumatatu, akapiga kigelegele, mama mkwe akaniongezea mboga kwa mkono wake. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha, na naomba mkumbuke hilo mkisoma yanayofuata.

Asubuhi simu ikalia. Rula.

"Daktari wa meno kafurahi mno," akasema. "Kafurahi mpaka kaongeza. Anataka ukuta wa mbele wote uwe kioo. Nje kuwe na bwawa dogo la maji. Na aone jua linapozama, mwanga uko kwenye maji, maji yako kwenye kioo. Kesho asubuhi anataka kuitembelea. Kwa kadi yako hiyo si ni kupepesa macho tu?"

"Kupepesa tu, bosi," nikasema.

Nikaweka kioo. Nikaweka maji. Nikaweka jua. Nikabonyeza tutembee.

Hatukutembea. Zahanati ikasimama kama imeitwa jina. Baada ya muda mguu mmoja ukasogea. Halafu tukangoja mwingine. Kijiti na ndugu yake walikuwa wamefanya waliloweza. Nyumba ya kuta na milango cha ndani kinaiweza, ukikilisha vizuri hakikuangushi. Lakini kioo kinachoonyesha maji, na maji yanayoonyesha jua, na kila kimoja kinamwonyesha mwenzake upya kila hatua, hiyo ni kazi ya mwenye memori yake na umeme wake. Hiyo ndiyo kazi ya kadi. Na kadi iko kwa Bisibisi, rafu ya juu.

Yaani nilipokuwa nayo sikuihitaji na nilidhani naihitaji. Nilipoihitaji nilikuwa nimetoka kuirudisha mwenyewe, nikipiga mbio.

Nikampigia Bisibisi.

"Kadi ipo?"

"Ipo. Lete friji."

"Friji haitoki tena."

"Basi haipo," akasema, akakata.

Nikatoka uani. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anapanga barafu, anaimba. Aibu yangu hii: nilipima kwa macho upana wa friji na upana wa geti. Nikapima mara ya pili. Kisha nikajitukana, nikarudi chumbani, nikaanza kutoa samaki niliokuwa nimewachora kwenye lile bwawa la zahanati, nikidhani pengine ndio wazito.

Nikasikia hodi.

"Hodi wenyewe! Hapa ndipo kwa yule kijana wa kadi?"

Sauti ya Rula. Nilitoka chumbani na kandambili moja.

Alikuwa ameshaingia sebuleni, rula mfukoni, anamwamkia mama mkwe. "Shikamoo mama. Nilikuwa mtaa wa pili kupima kiwanja, nikasema nipite. Nataka kuiona ile kadi kwa macho yangu, niijue aina yake. Leo hii naagiza za ofisi nzima."

"Marahaba, mwanangu, karibu kiti," akasema mama mkwe. "Binti yangu, mletee mgeni kitu cha kunywa."

"Bosi, tuonane ofisini!" nikasema. "Kompyuta imelala. Yaani inapumzika. Twende mimi na wewe tutembee kidogo—"

"Wewe, mwache mgeni apoe," akasema mama mkwe.

Mke wangu akaingia na juisi kwenye trei. Bilauri ilikuwa inatoka jasho la baridi. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri. Alipiga goti, akampa bosi wa mumewe kinywaji kwa mikono miwili, anatabasamu, ana fahari nami. Sikuwahi kumpenda kama dakika ile, na sikuwahi kuomba kwa nguvu kama dakika ile kwamba mgeni awe bubu.

Rula akanywa. Akafumba macho. "Baridi hasa! Kumbe mmeshapata friji nyingine?"

"Nyingine?" akasema mke wangu. "Ni hii hii yetu. Imerudi jana kutoka kwa fundi."

"Bosi, juisi hiyo ukiiacha inaharibika, malizia—"

Rula hakunisikia. Alikuwa ameweka bilauri chini na kusimama. Alinyoosha mkono kwa mke wangu, na ile leso ikaanza kutoka mfukoni.

"Mama, nimekuja kukupa mkono wa hongera. Nimefanya kazi na watu wengi, sijapata kusikia mke wa namna yako. Mwanamke anatoa friji yake, anayopatia riziki, ili mumewe apate kadi ya kompyuta. Na anamwambia, mume wangu, barafu itasubiri! Maneno hayo nimeyarudia kwa mke wangu usiku mzima. Hata kazi nimempa kwa ajili yako."

Friji tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

Mke wangu alikuwa bado ameshikwa mkono. Alimtazama Rula. Akaitazama friji kupitia mlango wa uani. Kisha akageuka polepole, akanitazama mimi, na lile tabasamu likaanza kuondoka usoni kwake kipande kwa kipande.

"Wewe," akasema.

"Nitakueleza."

"Na kadi yenyewe," Rula akauliza kwa furaha, "iko chumba gani? Twendeni sote tukaione."

Akapiga hatua ya kwanza kuelekea chumba cha uani, ambako kompyuta yangu ilikuwa wazi kifua, na pengo jeusi mahali pa kadi.

"Subirini kwanza," akasema mama mkwe.

Tukasimama wote. Hakuwa ameondoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameshika kichupa cha dawa mkononi, na macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa chini kidogo.

"Asubuhi nilipita pale kwa yule fundi mwenye bisibisi sikioni," akasema. "Kijana ana adabu sana, aliniamkia kwa mkono. Mkwe wangu, kabla mgeni hajaiona hiyo kadi, hebu itazame saa ya marehemu, uniambie ni saa ngapi."

Nikavuta mkono wa shati ufike kwenye kiganja. Shati lilikuwa la mikono mifupi.